Niliungama kwa Sauti Kubwa

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye leo ametoka kupigwa picha ya kifua, amekaa kwenye benchi, na hajui aanze kumwambia nani. Sitakueleza ugonjwa ni nini. Hayo waachie madaktari. Mimi nitakueleza ulivyokaa nyumbani kwangu, nani ulimtoa na nani ulimbakiza, na nilivyojitayarisha kufa kama Mkristo. Kama unatafuta maneno ya kutia moyo, nenda kwa masista, wanayo mengi na wanayasema vizuri kuliko mimi.

Tulikuwa tunakaa Bagamoyo, karibu na misheni, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru. Mume wangu, Benedikto, alikuwa seremala. Tulikuwa na mtoto mmoja, Rosa, bado ananyonya. Kikohozi kilinianza mvua za vuli zilipoanza, nikasema ni mafua. Mvua zikaisha, kikohozi kikabaki. Nilikonda mpaka pete ikawa inaanguka ndani ya beseni nikifua nguo, nami bado nikawa najidanganya kwamba ni mtoto ndiye ananimaliza. Siku moja nilikohoa nikafuta mdomo kwa upindo wa khanga, nikaona damu. Niliukunja ule upindo ndani nikaendelea kuchagua mchele. Mchele ule tukaula.

Benedikto ndiye aliyenipeleka hospitali. Ukitaka kujua watu wanakuonaje, kaa kwenye benchi la hospitali ukohoe. Benchi lilikuwa limejaa tulipofika, lakini mpaka jua linakuwa kali mimi na mume wangu tulikuwa tumebaki peke yetu, wengine wote wameona heri wasimame juani. Nesi alinitazama kifuani, akaona maziwa yamelowesha nguo.

"Mama, una mtoto mchanga?"

"Ninaye. Nimemwacha kwa jirani."

"Basi usimnyonyeshe tena. Kuanzia sasa hivi."

Nilitaka kumwambia kwamba asubuhi nilimwahidi mtoto kwamba narudi. Sikusema, maana mtoto wa umri ule haahidiwi, unasema tu ili uweze kutoka mlangoni.

Nilipelekwa Dar es Salaam, kwenye wodi ya kifua. Mama mkwe wangu, Skolastika, alikuja kumchukua Rosa akampeleka Makurunge, ambako alikuwa na shamba la mihogo na korosho. Nataka niseme ukweli hapa kwanza: alifanya vizuri. Watoto wake wawili walikwisha kufa kwa kukohoa, na alijua anachokimbia. Asingemchukua, huenda Rosa naye angeingia kaburini. Nilijua hivyo siku ile, na ninajua hivyo leo. Kujua hakukunisaidia kitu.

Wodini tuliamshwa na sindano. Kila asubuhi tunageuka, leo upande huu, kesho upande ule, mpaka makalio yakawa magumu na nesi anapapasa kutafuta mahali laini. Kulikuwa na dawa ya unga, chungu, inakataa kushuka. Kitanda cha pili alilala mwanamke wa Vigwaza, mcheshi, aliyesema kwamba akipona atamchoma mumewe sindano ile ile moja tu ili waheshimiane. Alikufa kaskazi ilipokuwa imepamba moto. Walikuja wakatandua shuka, wakapiga dawa kitandani, na kabla ya chakula cha mchana mtu mwingine akawa amelala pale, naye anakohoa.

Maziwa yangu yalikauka wodini. Hakuna aliyeniambia kwamba yanauma yakikauka. Nilikuwa nayafunga kwa kitambaa, na wakati mwingine mtoto wa mgeni akilia nje ya dirisha yalikuwa yanatoka yenyewe.

Waliniruhusu kurudi nyumbani kusi ilipoanza, kwa sharti kwamba sindano niendelee nazo Bagamoyo. Nilirudi na bakuli langu, kikombe changu, na kopo langu la makohozi. Jirani yetu, Bi Mtumwa, mwanamke wa mjini, Mwislamu, alikuwa wa kwanza kuja. Alinipa mkono. Nakumbuka ule mkono kuliko dawa zote, maana nilikuwa nimesahau kwamba ngozi ya mtu ina joto. Wakristo wenzangu walinisalimu kutoka barabarani, "Tumsifu Yesu Kristo," wakapita mbio kabla sijaitikia.

Rosa hakurudi. Mwezi wa kwanza nilisema ni sawa, kifua hakijakauka. Wa pili vilevile. Halafu ikaja sikukuu ya Bikira Maria, mama mkwe akaja kanisani kutoka Makurunge, na mtoto amemshika mkono, anatembea. Sikumwona akianza kutembea. Nilisimama nje, mbali kidogo, kama nilivyoagizwa, nikaita, "Rosa!" Mtoto akajificha nyuma ya khanga ya bibi yake akasema, "Mama, nani yule?"

Alimwambia bibi yake hivyo. "Mama."

Na mama mkwe akajibu, nilimsikia kwa masikio yangu, maana wakati huo bado yalikuwa yanasikia: "Ni mgonjwa, mwanangu. Usimwangalie."

Nilimchukia. Watu wanalitumia neno hilo kwa chumvi na kwa mvua. Mimi nilimchukia kiasi kwamba nilipokuwa nasali rozari nilikuwa namwombea afe kabla yangu, ili mtoto arudishwe nikiwa hai. Nilisali hivyo kila jioni, kwa heshima zote, bila kuruka Salamu Maria hata moja.

Sasa nije kwenye masikio, na hapa nisikilize wewe uliye benchini. Sindano zile ziliponiingia sana, masikio yakaanza kulia. Mwanzoni kidogo, wiiii, kama nyenje. Nesi alikuwa ameniagiza niseme mapema nikisikia jambo lolote masikioni. Sikusema. Nilidhani nikisema watasimamisha sindano, sindano zikisimama sitapona, nisipopona Rosa harudi. Kila asubuhi aliniuliza, "Masikio?" nami namjibu, "Mazima kabisa," na ikafika wakati nikawa najibu kwa sababu nimeona midomo yake, siyo kwa sababu nimesikia. Usifanye nilivyofanya. Siku ya kwanza yakilia, sema.

Uziwi uliniingia kwa ujanja. Kwanza ndege walinyamaza, halafu wanawake, halafu mume wangu. Nilikuwa naitikia kwa kichwa na kucheka wengine wakicheka. Benedikto alikuwa ananipungia kiganja chini, taratibu, taratibu, nami nikadhani ananiambia nipumzike. Kumbe alikuwa ananiambia kwamba ninapiga kelele. Mtu asiyejisikia hajui sauti yake iko wapi. Mimi ndani ya kichwa changu nilikuwa nanong'ona.

Kaskazi iliporudi, homa nayo ikarudi. Walinipiga picha nyingine. Daktari aliiinua dirishani akaitazama muda mrefu, kisha akazungumza na Benedikto, siyo na mimi. Nilimtazama mume wangu usoni nikayapata yote. Alikuwa na uso wa mtu anayepima mbao za jeneza, na ile ndiyo ilikuwa kazi yake kweli. Walinibadilishia dawa, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kufunga hesabu zangu. Nilijua ninakufa. Kilichobaki ni kufa vizuri.

Kwaresima ilipoanza nilipakwa majivu, nikarudi nyumbani nikaanza kuutayarisha moyo kama tulivyofundishwa tangu utotoni: utafute dhambi zako, uzijutie, uziungame, ufanye malipizi, ndipo upokee Komunyo ya Pasaka. Kutafuta hakukunipa shida. Mgonjwa ana nafasi. Nilizipata za uvivu, za wivu, za uongo wa masikio. Ya mama mkwe sikuhitaji kuitafuta. Shida yangu ilikuwa ni kujuta. Nilijaribu kujuta kama mtu anavyojaribu kutapika, hakuna kilichotoka. Nilikuwa naogopa moto, hilo ndiyo, lakini nikimwona moyoni mwangu yule mtoto nyuma ya khanga, chuki inarudi mahali pake inakaa.

Nilimwambia Benedikto. Alikuwa amejifunza kuzungumza nami ana kwa ana, polepole, kwa midomo.

"Wewe sema tu unajuta," akasema.

"Nimdanganye Padre?"

"Ni mama yangu, Veronika."

"Najua ni mama yako. Angekuwa wa mtu mwingine ningekwisha kumlaani wazi."

Akatoka nje. Maskini Benedikto. Ugonjwa ule ulimweka katikati ya mama anayemlea mtoto wake na mke anayeoza nyumbani kwake, na sikumsikia hata siku moja akilalamika, ingawa siku hizi nasema hivyo kwa tahadhari, maana sikuwa nasikia.

Aliporudi alisema ni bora amwite Padre aje nyumbani, aniungamishe kitandani na kunipaka mafuta. Nikakataa katakata. Wewe wa pwani unajua ninachosema. Padre akionekana anaingia kwa mgonjwa na mafuta, wanawake wa mtaa wanaanza kukusanya masufuria ya matanga. Bi Mtumwa mwenyewe, pamoja na kwamba si Mkristo, angejua. Nilitaka niende kwa miguu yangu, nipange foleni, nipige goti kama mtu mzima wa afya. Kiburi hicho nacho nilipaswa kukiungama, sikukikumbuka.

Nikaenda Jumamosi ya Wiki Kuu, mchana. Kanisa lilikuwa limejaa, maana kila mtu hungoja siku ile ile ya mwisho. Wanawake walikaa kwenye mabenchi upande mmoja, wanaume upande mwingine, wote wanangoja kiti cha kitubio. Altare ilikuwa tupu, picha zimefunikwa. Watu waliniachia nafasi, wakanipeleka mbele ya foleni kwa ishara za mikono, nami nikashukuru kwa wema wao. Nilikuwa nimepiga goti tayari nilipogeuka nikamwona mama mkwe, benchi la pili, amefunga rozari mkononi, Rosa amelala pajani pake. Alikuwa amekuja kwa ajili ya Pasaka. Aliangalia mbele, hakuniangalia.

Nikamgeukia Padre. Alikuwa Mzungu mzee, amekaa pwani miaka mingi, anasema Kiswahili chetu bila kubahatisha. Kati yetu kulikuwa na pazia, nikaona kivuli tu. Nikajifanyia ishara ya msalaba nikaanza kunong'ona.

Niliungama zile ndogo ndogo. Kivuli kikatikisika. Kikagonga mbao kwa kidole, nikahisi mtikisiko kwenye kiwiko. Nikadhani hasikii, nikaongeza sauti. Kikagonga tena. Nikaongeza zaidi. Nikasema: namchukia mama mkwe wangu. Nikasema: amenichukulia mtoto, amemfundisha kumwita yeye mama. Nikasema: namwombea afe, Padre, kwenye rozari namwombea afe, na sijuti, nimejaribu lakini sijuti, nifanye nini mimi.

Pazia likafunguliwa. Padre alitoka kwenye kiti, na stola yake ya zambarau shingoni, uso umemwiva. Akasimama mbele yangu kweupe, akaweka kidole midomoni mwake, kisha mkono wake mmoja kichwani pangu. Nikageuza macho. Kanisa zima lilikuwa linaangalia sakafu. Wanaume pia, upande wa pili kabisa. Mwanamke mmoja alikuwa amemziba mtoto wake masikio. Benchi la pili mama mkwe alikuwa bado amekaa, wima, na mdomo wake umefunguka kidogo, na Rosa ameamka.

Ndipo nikafahamu. Sikuwahi kuona aibu ya namna ile na sitarajii kuiona tena. Nilitamani nifie pale pale kwenye goti, kwa kuwa kufa nilikuwa nakufa tu.

Padre alinitazama ili niisome midomo yake. "Unataka kujuta?" akauliza. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Kutaka nilitaka. "Yatosha," akasema, na mkono wake ukafanya msalaba juu yangu, nikaona midomo yake ikisema maondoleo mbele ya watu wote. Halafu akanipa malipizi. Hakunipa sala. Alinyoosha kidole chake kuelekea benchi la pili. Nipatane naye.

Lakini benchi la pili lilikuwa tayari tupu. Mama mkwe alikwisha kumbeba Rosa, anatoka.

Pasaka ile sikupokea Komunyo. Benedikto alinisihi, akasema Padre ameniondolea. Nikasema sijafanya malipizi, na mtu wa kupatana naye amekwenda zake Makurunge. Bi Mtumwa alikuja na mkate wa kumimina, akakaa karibu yangu akanishika goti, akafungua mdomo polepole ili nimwone.

"Shoga yangu, hata sisi huku tumesikia."

Akacheka, nami nikacheka, halafu nikalia kifuani kwake. Hakujiondoa, ingawa nilikuwa nakohoa.

Masika ilishuka siku zile zile kwa nguvu. Mto ukajaa, njia ya Makurunge ikakatika. Nililala nikisikiliza mvua kwa mgongo, kupitia kitanda, maana masikio hayakuwa na kazi tena. Kila homa ilipopanda nilisema ndiyo hii, na malipizi bado. Sikuogopa tena moto sana. Niliogopa kufika mbele ya Mungu nikaulizwa, umepatana naye? nami nijibu kwamba mto ulijaa.

Mvua zilipopungua, mama mkwe akaja mwenyewe. Peke yake, bila mtoto. Alikuwa na tope mpaka magotini, na kikapu cha mihogo kichwani. Benedikto alikuwa nyumbani. Niliteremka kitandani nikakaa kwenye mkeka.

"Shikamoo mama," nikasema.

Midomo yake ikasema marahaba. Nikamwambia, kwa sauti niliyoiweza, kwamba nimemkosea, nimemwombea mabaya, namwomba anisamehe. Na wakati nasema hivyo, wewe msomaji amini usiamini, nilijuta. Niliiona miguu yake ile ya tope, mwanamke mzee aliyevuka mto, na kile nilichokitafuta Kwaresima nzima kikaja chenyewe. Nililia. Naye akalia. Kisha akasema maneno mengi, haraka, uso ukiwa chini, sikuweza kusoma hata moja. Nikamtazama Benedikto.

Mama yake akamgusa mkono, amwambie mke wake.

"Anasema amekusamehe," akasema Benedikto taratibu. "Anasema naye umsamehe. Amezika wawili." Akasogea karibu. "Anaomba umwachie Rosa. Moja kwa moja. Usife ukamwacha mtoto njia panda, mara huku mara kule. Anataka asikie kwa mdomo wako."

Nilimwangalia mama mkwe. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa anaomba kama watu wanavyoomba maji.

Nilifikiri hivi: ninakufa. Mtoto hanijui. Nimeambiwa nipatane. Nikikataa, nitakuwa nimepatana kwa mdomo na kukataa kwa mkono. Hakuna aliyenilazimisha, na nisingependa mtu amlaumu yule mzee, wala Padre.

"Rosa ni wako, mama," nikasema. "Mbele ya Mungu na mbele ya baba yake."

Akaubusu mkono wangu. Mkono wa mgonjwa wa kifua, akaubusu.

Jumapili iliyofuata nilipokea Komunyo. Nilirudi nyumbani na nafsi safi, nikalala chali nikamngoja Mungu. Sijapata tena amani ya namna ile, na sitakudanganya kwamba ilikuwa ndogo. Ilikuwa amani kamili. Nilikuwa tayari.

Nilingoja masika ikaisha. Kusi ikaingia, baridi kidogo asubuhi, homa ikaacha kupanda. Nikaanza kuona njaa. Nikala wali, nikala tena. Mwisho wa kusi nilipigwa picha, na daktari yule yule aliiinua dirishani, safari hii akanigeukia mimi mwenyewe, amefurahi, akanipiga piga bega, akawaita manesi waje waone. Dawa mpya zilikuwa zimeshika. Manesi wakapiga makofi. Benedikto alijifunika uso kwa kofia yake. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha chuma, kifua wazi, na sikuweza kucheka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa jambo moja tu.

Watu huniuliza kwa nini sikwenda kumdai. Ningekwenda kusema nini? Kwamba niliapa kwa sababu nilidhani nakufa? Basi toba yangu ilikuwa ya nini? Benedikto alikwenda mara moja, akarudi, hakunieleza, sikumwuliza. Mtoto mwingine hatukupata.

Kwa hiyo wewe uliye benchini, ukiamua kuutayarisha moyo wako, utayarishe. Mimi sijutii kwamba nilijuta. Lakini asikudanganye mtu kwamba ukiungama utarudishiwa kitu. Nilisamehewa, nikasamehe, nikapona, na nyumba yangu ni tupu. Yote hayo ni kweli kwa pamoja, na sijapata padre wa kunieleza yanakaaje.

Rosa alikuja mwaka aliopokea Komunyo ya kwanza, na gauni jeupe alilolishona bibi yake. Bibi yake alikuwa amemfundisha adabu vizuri. Alipiga goti mlangoni, akainua uso ili nimwone anavyosema.

"Shikamoo, mama mdogo."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia apite ndani, nikamtafutia kiti cha wageni.